Kuhamia Dodoma kwa bajeti ndogo: upange, ununue au ujenge? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa wengi wetu safari ilianza kweli Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia. Tangu hapo watu wanashuka kila siku: watumishi, walimu, mafundi, mama lishe, vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakaamua kubaki. Mimi na mume wangu tulihama kutoka Tabata, Dar es Salaam, mwaka 2019, tukiwa na watoto wawili, magodoro matatu na akiba isiyofika milioni nne. Tumepanga mara mbili, tumepoteza kiwanja kimoja, tumejenga kwenye kingine. Ndugu na majirani wa zamani wanaonipigia simu kabla ya kufunga mizigo huuliza yale yale, na majibu yangu ni haya.

Nina akiba kidogo tu. Nipange au ninunue?

Panga kwanza, na upange mwaka mzima.

Nasema mwaka, sisemi miezi mitatu, kwa sababu ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi mingine yote ni ukavu na upepo. Ukija Julai kutafuta kiwanja, kila mahali panapendeza: ardhi ngumu, anga jeupe, njia pana ya mchanga inayopita nyuma ya kiwanja. Rudi Januari. Ile njia pana ya mchanga ni korongo, na siku mvua ikipiga kule juu milimani linashuka na maji mekundu na miti. Aliyekuuzia Julai alilijua hilo, mgeni ni wewe.

Sababu ya pili ni kazi. Ofisi nyingi zilianza katikati ya mji zikahamia Mji wa Serikali Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini kwa barabara ya Dar es Salaam. Nina rafiki aliyekimbilia kununua upande wa Mkonze, magharibi, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa mjini. Sasa anavuka mji mzima kila asubuhi. Angekuwa mpangaji angehamisha vyombo kwa kirikuu kimoja na mambo yakaisha.

Lakini kodi si hela inayopotea? Wazazi wangu wanasema mtu mzima hapangi.

Neno hili limewaumiza watu wengi kuliko madalali wote wa mji huu wakiwekwa pamoja. Mtu anafika na akiba yake, anaona aibu kuitwa mpangaji, anatumbukiza kila kitu kwenye kiwanja asichokijua, halafu anaanza kukopa hela ya kodi, maana kiwanja hakina paa. Mwisho anakiuza kwa haraka, kwa hasara, kwa mtu ambaye hakuwa na haraka.

Kodi unayolipa mwaka wa kwanza inakununulia kitu: kujua mji. Unajua maji yanatoka wapi na lini, daladala gani inajaa, shule gani ina walimu, jirani yupi ni wa kumwachia ufunguo. Hakuna anayekuuzia maarifa hayo kwa hela nyingine.

Nakubali upande wa pili pia. Kodi inapanda, na Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna ofisi itakayomwambia mwenye nyumba asipandishe. Na mpangaji asiyeweka akiba atapanga mpaka uzeeni. Kwa hiyo ninaposema panga, namaanisha panga nyumba ya chini kidogo ya uwezo wako, na ile tofauti iende benki au Saccos kila mwezi kabla hujaigusa.

Watu wanaposema "kununua" Dodoma, wananunua nini hasa?

Swali hili lingetakiwa kuwa la kwanza. Hapa kwetu "kupanga au kununua" mara nyingi si kuchagua kati ya nyumba mbili zilizokamilika. Mwenye bajeti ndogo akisema amenunua, ana moja kati ya vitu vitatu.

Kuna nyumba iliyokamilika, ya mtu binafsi au ya shirika. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu na Chamwino, na Watumishi Housing wamejenga Njedengwa. Ni nyumba nzuri, zimepangwa, barabara inaonekana. Ila bei yake mtu wa akiba ya milioni nne haifikii bila mkopo mrefu.

Kuna boma, yaani kuta zimesimama, pengine zimefika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), pengine zimepauliwa, lakini hakuna madirisha, lipu wala sakafu. Boma linavutia kwa sababu unaona vyumba kwa macho. Mimi huliogopa. Huoni msingi ulichimbwa kina gani, huoni nondo za ndani ya lenta, na tofali zilizopigwa mvua na jua miaka mitatu huanza kumung'unyika. Dodoma pia hutikiswa na matetemeko madogo mara kwa mara, na ufa wa boma la bei rahisi hauji peke yake. Ukilipenda, mlipe fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, achimbe pembeni ya msingi sehemu mbili na akuonyeshe kwa macho.

Halafu kuna kiwanja kitupu. Wengi wetu ndiko tuliko.

Kwa hiyo ukijiuliza vizuri, unaamua mambo mawili tofauti: nitalala wapi mwaka huu, na nitaweka wapi akiba ya nyumba ya baadaye. Ukiyachanganya, utalala vibaya na utanunua vibaya.

Nikipanga, nijiandae na kiasi gani siku ya kwanza?

Zaidi ya unavyofikiri. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, wachache mitatu. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Piga mfano: chumba na sebule cha 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000, dalali 150,000, lori la kuchangia mizigo tuseme 600,000, mapazia, ndoo, tanki dogo na vitasa vipya 250,000. Ni milioni 1 na laki 9 kabla hujanunua kilo ya mchele. Weka bei za siku unayohama, lakini usiache kipengele hata kimoja.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, uliza jambo moja kabla ya yote: uhamisho wangu ni wa mwajiri au nimeuomba mwenyewe? Ukihamishwa, una stahili zako za uhamisho. Ukiomba mwenyewe, unajigharamia. Na hata anayestahili, hela ikichelewa mwenye nyumba hasubiri. Njoo na yako mfukoni.

Usihame na kila kitu. Kabati la mbao lililopita kwenye mlango wa Tabata linaweza lisipite kwenye mlango wa Nkuhungu. Letu lilibaki kibarazani miezi minne, upepo na vumbi vikalimaliza.

Maeneo gani yanamfaa mtu wa kipato cha chini au cha kati?

Anzia kazini kwako urudi nyuma.

Ukifanya kazi Mtumba, tazama Ihumwa, Nzuguni na maeneo yanayofuata barabara kuu ya Dar. Nzuguni ndiko kuliko stendi kuu ya mabasi ya Nanenane na soko la Job Ndugai, kwa hiyo usafiri na mboga havisumbui. Ukiwa mjini, Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota na Mnadani zina vyumba vya bei ya kueleweka, nyumba zimesongamana, na majirani wanajuana. Ipagala, Ilazo, Kisasa na Area D kodi iko juu. Walimu na wanafunzi wa UDOM hujaa Ng'ong'ona na Makulu, na kodi huko hupanda vyuo vinapofunguliwa.

Siongezi zaidi, kwa sababu ndani ya mtaa mmoja utakuta nyumba yenye maji kila siku na nyingine mita 200 mbele inanunua kwa madumu.

Umetaja maji. Tatizo ni kubwa kiasi hicho?

Kwa mtu wa bajeti ndogo, maji yanaweza kuifanya nyumba ya 120,000 iwe ghali kuliko ya 170,000.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na bomba uani, linang'aa, na dalali alilifungua mbele yetu likatoa maji. Tulifika siku ya mgao, yaani zamu ya mtaa ule kupata maji, basi. Siku zilizofuata tulijifunza kwamba maji yanakuja mara mbili kwa wiki, saa nane usiku, kwa saa mbili hivi. Mume wangu alikuwa anaweka simu iite saa saba na nusu. Anatoka na kitenge kichwani kwa ajili ya baridi, anapanga ndoo kumi na moja kwenye mstari kutoka bombani hadi mlangoni, anakaa kwenye kigoda. Ukipitiwa na usingizi, kesho unanunua dumu kwa kijana wa baiskeli. Niliandika kwenye daftari: mwezi wa Oktoba pekee madumu yalikula karibu theluthi ya kodi yetu.

Kwa hiyo unapokwenda kuona nyumba, usimuulize dalali kama maji yapo, atasema yapo. Waulize wapangaji wengine mambo matatu: maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yanakuja siku zipi, kuna tanki la lita ngapi, na bili mnagawanaje. Halafu angalia ndoo. Uani kukiwa na ndoo nyingi zimejazwa na kufunikwa, umeshajibiwa.

Madalali siwajui. Nawatumiaje bila kuliwa?

Dalali mzuri ni msaada, hasa kwa mgeni. Wapo waliotuhangaikia jua kali na hawakutudanganya. Ila shika haya. Hela ya kupelekwa kuona nyumba ilipwe mkiwa mnaondoka kwenda kuziona, na mkubaliane kabisa ni nyumba ngapi. Ya udalali ilipwe baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kuwa mkononi. Kodi apewe mwenye nyumba, siyo dalali, na uone kitu kinachoonyesha kwamba nyumba ni yake au amepewa idhini ya kuipangisha: bili ya maji yenye jina lake, au mjumbe na majirani wamtambue. Picha tamu za simuni zenye bei ya chini mno na maneno "wahi, kuna mtu anatuma hela sasa hivi" ziache zipite.

Mkataba wa pango uwe na nini?

Uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mlokole mwenzako au shehe wa msikiti wenu. Majina na namba za vitambulisho, kiasi cha kodi na kipindi kilicholipwa, nani anatengeneza nini kikiharibika, notisi ya muda gani kwa kila upande, na kodi itabadilika lini. Tuliongeza sentensi moja ambayo ilituokoa: mwenye nyumba akiuza nyumba, mpangaji atamaliza kipindi alicholipia au atarudishiwa hela ya miezi iliyobaki. Iliuzwa kweli, tukiwa tumebakiza miezi miwili, na hakuna aliyetupigia kelele.

Piga picha kila chumba siku unayoingia. Ufa, tundu la dari, kitasa kilicholegea, vyote.

Umeme wa LUKU unanikata hela ya kodi ya majengo. Nadaiwa mimi mpangaji?

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kodi yenyewe ni ya mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa kila mwezi, na mkubaliane mwanzoni kwamba utaipunguza kwenye kodi ya pango ya awamu inayofuata. Ni hela ndogo, lakini ni yako. Mita ikiwa ya kuchangia, andikeni jinsi ya kugawana kabla mwenye friji hajagombana na asiye nalo.

Nimepata kiwanja cha bei nafuu sana, hakijapimwa, lakini kuna karatasi ya mauziano na mhuri. Nichukue?

Nakuomba usichukue, na nitakueleza kwa nini naomba.

Mwaka 2020 tulipata kipande pembezoni mwa mji, milioni 2 na nusu. Muuzaji alikuwa mzee mpole, alitukaribisha uji. Karatasi iliandikwa, mashahidi wakasaini, mhuri ukapigwa. Ilikuwa Agosti. Tukaenda zetu tukiwa na furaha, tukasema mvua zikianza tutapanda michongoma mpakani.

Januari tulirudi na miche kwenye ndoo. Tulikuta tofali zimepangwa, kama mia tano hivi, na juu yake amekaa mama mmoja amejifunika kanga, anamenya karanga. Akatuuliza kwa upole, "Mnamtafuta nani?" Mume wangu akamwambia tumekuja kwenye kiwanja chetu. Yule mama hakupaza sauti. Alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ule ule, sahihi ile ile. Ya kwake ilikuwa ya Desemba 2019, miezi minane kabla ya yetu. Alikuwa mjane, na hela ilikuwa ya mafao ya mumewe.

Tulikwenda pamoja serikali ya mtaa, sisi na yeye. Mzee alikuwa ameshahama na simu haipatikani. Tungeweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini tungemshtaki nani, yule mama? Tulimwachia ile miche, akaipanda yeye.

Karatasi ya mauziano inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Na ardhi isiyopimwa pembezoni mwa Dodoma ina hatari nyingine: mji unapangwa kila siku, kuna barabara ya mzunguko ya kilomita 112 na uwanja wa ndege wa Msalato, na upimaji ukifika kipande chako kinaweza kuangukia kwenye barabara, eneo la wazi au shule.

Basi kiwanja kilichopimwa nakihakikishaje?

Chukua namba ya kiwanja na kitalu, usitosheke na jina la mtaa. Nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi. Unalipa ada, unapata jibu la maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama au la mtu. Muuzaji anayekasirika ukisema unataka upekuzi, muage.

Mtafute mpima mwenye sifa akuonyeshe bikoni, zile alama za zege za pembe za kiwanja. Kiwanja tulichonunua mara ya pili, mpima alipiga hatua akitazama kifaa chake, akasimama mahali palipoota nyasi tupu, akachimba kwa ncha ya jembe. Chini ya kiganja kimoja cha udongo ikaonekana zege yenye chuma katikati na namba juu yake. Nne zote zilikuwepo. Ya nne ilikuwa ndani ya ua wa jirani, hatua mbili, na jirani mwenyewe hakujua. Tulikaa naye tukaelewana kabla ya kulipa shilingi.

Angalia karatasi za zamani kwa makini. Dodoma ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, kuanzia 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa kwa halmashauri. CDA ilikuwa inatoa umiliki wa miaka 33. Baada ya kuvunjwa ikaelekezwa watu wapewe hati za miaka 99. Mpaka leo kuna wanaouza kwa barua za CDA. Si lazima ziwe feki, lakini uliza ofisi ya ardhi kama zilishabadilishwa, kama pango la ardhi limelipwa, na kama masharti ya kuendeleza yalitimizwa. Hati nyingi zinataka ujenge ndani ya miezi 36.

Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe na mmoja kimya kimya. Kama mali ni ya marehemu, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye mwenye sauti. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na hela ipite benki.

Bajeti yako ibebe pia mwanasheria, mpima, ushuru wa stempu na ada za usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo, maana wengi hujaribu kuisukumia kwa mnunuzi siku ya mwisho.

Kampuni zinauza viwanja kwa awamu, unalipa kidogo kidogo mwaka mzima. Zinafaa?

Zimewasaidia watu wa kipato kama changu, na nyingine zimewaliza. Kabla ya awamu ya kwanza omba kuona hati ya eneo lote au idhini ya mwenye ardhi, na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kisha soma kipengele cha kuchelewa: ukikwama miezi miwili unapoteza kiwanja na hela zote, au unarudishiwa? Uliza pia nani anashughulikia hati yako na kwa gharama ya nani. "Bei ni pamoja na hati" ni maneno matamu kama hayamo kwenye mkataba.

Vipi mkopo wa nyumba wa benki?

Upo, na umekuwa mwepesi kidogo tangu kampuni ya TMRC ianzishwe 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu. Lakini piga hesabu kwa kalamu. Mkopo wa milioni 60, riba asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15: marejesho ni karibu 840,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 151. Nyumba kama hiyo ukiweza kuipanga kwa 300,000, tofauti ni 540,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 na laki 4 na elfu 80 kwa mwaka. Kwa hela hiyo ya mwaka mmoja watu wanaanza msingi.

Mtumishi akumbuke pia kwamba theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki baada ya makato. Mwenye mkopo mwingine wa mshahara mara nyingi hana nafasi tena, na naona ni heri, kwa sababu mshahara usiobakiza hela ya dawa ya mtoto haujengi nyumba.

Sisemi mkopo ni mbaya kwa kila mtu. Wawili wenye ajira za kudumu, wasio na deni, wanaojua watakaa hapa miaka 20, waende waongee na benki mbili tatu. Kwa mtu anayehama leo na hajui kazi itamweka wapi, bado mapema.

Nina kiwanja tayari. Nihamie kwenye nyumba isiyoisha ili niokoe kodi?

Sisi tulifanya hivyo, na ningefanya tena, ila kwa mpangilio mwingine. Tulimaliza sebule kwanza kwa sababu ya wageni. Kosa. Malizia chumba kimoja cha kulala chenye mlango wa chuma na madirisha yenye grili, choo kinachofanya kazi, na sehemu ya kupikia yenye paa. Ukiwa na hivyo pamoja na tanki la maji, hamia. Dari, lipu ya nje na vigae vitasubiri.

Usihamie Agosti na Septemba kama madirisha hayana vioo. Upepo wa Dodoma miezi hiyo unaleta vumbi mpaka ndani ya sukari, na watoto watakohoa. Usihamie pia kabla ya umeme kwa ahadi ya kwamba nguzo inakuja mwezi ujao. Subiri uione imesimama.

Familia ibaki Dar mwaka wa kwanza?

Kama ndoa inabeba na watoto wako katikati ya mwaka wa masomo, inawezekana kwa miezi kadhaa. Treni ya SGR ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na safari iliyokuwa inamaliza siku nzima kwenye basi sasa unaimaliza kwa saa nne au chini yake. Mtu anaweza kupanga chumba kimoja Dodoma na kurudi nyumbani wikendi. Lakini jumlisha: nauli mara nne kwa mwezi, kodi mbili, majiko mawili. Baadhi ya wenzetu walifanya hivyo mwaka mzima, wakagundua wametumia zaidi ya kodi ya nyumba nzima. Weka kikomo, kwa mfano mpaka shule zifunge Desemba.

Naishi Muscat, nataka kununua Dodoma kupitia ndugu. Ushauri?

Kama bado ni raia wa Tanzania, una haki ya kumiliki kama sisi. Asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji; mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia mwingine aulize ofisi ya ardhi sheria ya sasa inasemaje. Hati itoke kwa jina lako, siyo la ndugu "kwa muda". Mpe wakili idhini ya kisheria yenye mipaka, na upekuzi ulipie wewe mwenyewe. Ndugu akusaidie kwa macho na miguu, akaone korongo na amuulize jirani. Undugu wenu utadumu zaidi hela isipopita mikononi mwake.

Mwenye nyumba ninayopanga anataka kuniuzia. Nina bahati?

Huenda. Umeishi humo, unajua ufa upo wapi na maji yanakuja lini, na huko ndiko kununua ninakokupenda zaidi. Fanya upekuzi ule ule, kana kwamba hamjuani. Kodi uliyoilipia mbele ihesabiwe kwenye bei. Na muulize mkewe kama anajua.

Nimeamua kuja. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Fikia kwa ndugu au gesti ya bei ndogo, siku tano. Siku ya kwanza usitafute nyumba. Amka saa kumi na moja alfajiri, nenda mpaka mlangoni pa kazi yako kwa daladala, uandike muda na nauli, urudi jioni kwa njia hiyo hiyo. Siku ya pili chagua mitaa mitatu iliyo kwenye njia hiyo, utembee kwa miguu, ununue maandazi, uwaulize akina mama wanaouza kuhusu maji na usalama wa usiku. Watakuambia, na pengine mmoja ana chumba au anamjua mwenye nacho, bila dalali. Siku ya tatu na ya nne ona nyumba mchana, kisha zile mbili ulizozipenda uzirudie saa mbili usiku. Sikiliza kama kuna baa nyuma ya ukuta, tazama kama njia ina taa. Siku ya tano lipa, omba risiti, badilisha kitasa, ununue ndoo zenye mifuniko, na umuulize jirani wa karibu kama leo ni siku ya mgao.